Anatumika, Anatumikishwa: Historia Fupi ya Walezi Watoto

Desemba mwaka jana, msichana anayetusaidia kazi za nyumbani alipata taarifa ya msiba wa babu yake, akafunga begi lake na kusafiri kwenda kwao Singida. Tukabaki mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 13 aliyekuwa amefunga shule, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka miwili. Jumamosi iliyofuata mke wangu alikuwa na zamu kazini, nami nilikuwa na kikao cha matokeo chuoni ambacho hakikuweza kuahirishwa. Kwa muda wa saa nne, tangu saa nane mchana hadi jua kuelekea kuzama, nyumba ingebaki na watoto wawili. Je, binti anaweza kuachiwa mdogo wake?

Usiku mzima tulilijadili. Mke wangu alianza kwa kukubali, mimi nikakataa. Baada ya chai tukawa tumebadilishana misimamo. Mwishowe nilimpigia simu mama yangu huko Kilimanjaro, ambaye amelea watoto sita na wajukuu wengi kuliko niwezavyo kuwahesabu kwa haraka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali mawili tu. La kwanza: "Huyo mtoto anatumika?" La pili: "Na jirani yupo?"

La kwanza nililijibu kwa fahari ya baba. La pili nililipuuza. "Mama," nilimwambia, "huku mjini tuna ukuta na geti." Alinyamaza kidogo, akaniuliza habari za mvua.

Kwa kuwa ninafundisha historia, na watu wa fani yangu tukishindwa kuamua jambo la nyumbani hukimbilia vitabu, nilitumia siku mbili zilizobaki kusoma. Nilichokikuta kilinirudisha kwenye maswali yale mawili, na hasa lile nililolipuuza.

Tuanze na neno la mama. Kwa wasiolitumia hivyo, mtoto anayetumika ni yule unayemtuma akaenda, akafika, akafanya na kurudi na chenji kamili. Anayeona ndoo haina maji akaijaza kabla hujamwambia. Ni sifa. Mzazi akimsifia mtoto wake kwa neno hilo, jirani huelewa kwamba hapa hapazungumzwi alama za darasani. Lakini ongeza silabi moja tu, useme "anatumikishwa", na umehamia katika lugha ya maofisa wa kazi na ustawi wa jamii. "Utumikishwaji wa watoto" ndilo neno la semina, mabango na ripoti za serikali. Mzizi ni uleule mmoja: kutuma. Sifa kubwa kuliko zote ambazo mzazi wa zamani angeweza kumpa mtoto, na kosa ambalo dola ya leo inapambana nalo, zimetenganishwa na kiambishi kimoja. Nimekuwa nikijiuliza: ni wapi hasa katika historia yetu mtoto huvuka kutoka upande mmoja wa kiambishi kwenda upande wa pili?

Kwamba mama yangu hakuwa peke yake katika kupima hivyo, limeandikwa. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Robert Serpell aliwaendea wazee wa vijiji vya Wachewa, mashariki mwa Zambia, akitaka kujua wanaelewa nini kwa mtoto mwenye akili. Hakuwapa karatasi za majaribio. Aliwauliza wangemchagua mtoto yupi katika hali fulani. Mathalani, nyumba inaungua moto na watoto hawa tu ndio walio karibu, utamtuma nani akaite msaada? Akagundua kwamba neno lao la akili, *nzelu*, limebeba mambo mawili pamoja: ujanja wa kichwa, na hali ya kuaminika kutumwa. Hilo la pili huitwa kwa neno *tumikila*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Mtoto mwenye ujanja lakini asiyeaminika kutumwa, kwa wazee wale, hakuwa amekamilika akili.

Karibu wakati huohuo, Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya. Huko nako walikuta neno moja la akili, *ng'om*, likigawanywa: kuna akili ya nyumbani na kuna akili ya shule, na wazazi walisema wazi kwamba mtu anaweza kuwa na moja akakosa nyingine. Msichana mwenye akili ya nyumbani walimweleza kwa matendo: akimaliza kula anafagia bila kuambiwa, anaosha vyombo, anatafuta mboga, anamtunza mtoto mchanga vizuri. Ulezi wa mdogo wake ulikuwa mmoja wa mitihani ya akili yenyewe.

Na mitihani hiyo ilianza mapema mno kwa macho ya leo. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Nyansongo katika Ukisii katikati ya miaka ya 1950, walikuta kwamba mama anapokwenda shambani mtoto mchanga huachwa mikononi mwa *omoreri*, mlezi ambaye aghalabu alikuwa na miaka kati ya sita na kumi. Neno *omoreri* ni ndugu wa damu wa "mlezi" wetu. Mwaka 1977 Thomas Weisner na Ronald Gallimore walikusanya taarifa za jamii nyingi duniani na kuonesha kwamba kulelewa na kaka na dada lilikuwa jambo la kawaida kwa sehemu kubwa ya wanadamu. Yule mama wa mijini anayekaa peke yake na mtoto ndani ya nyumba iliyofungwa, tunayemwona katika filamu, ndiye kituko cha historia.

Katika fasihi hiyo kuna utafiti mmoja ulionigusa binafsi. Carol Ember, mwaka 1973, aliandika juu ya wavulana wa Kijaluo ambao, kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na dada wa umri ufaao, walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za kike, ikiwemo kulea. Alikuta kwamba wale waliofanya kazi za ndani hasa walikuwa na ukali mdogo na walijali zaidi wenzao kuliko wavulana wengine. Nilitabasamu niliposoma. Mimi ni mtoto wa pili katika familia ambayo watoto watatu wa kwanza walikuwa wanaume. Dada yetu alipozaliwa nilikuwa na miaka minane, na hadi leo mabega yangu yanakumbuka kitenge kilivyokuwa kikivutwa na kufungwa kifuani, na uzito ule wa joto mgongoni. Kama nilikua mpole, sijui. Waulizeni wanafunzi wangu.

Lakini kuna jambo jingine ninalolikumbuka, na hilo sikuwahi kulifikiria sawasawa mpaka Desemba.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameteremka tambarare kwenye shamba la mahindi, safari ya kutwa nzima kwa wanawake wa upande wetu wa mlima. Dada yangu alikuwa ameanza kutambaa. Nilimweka juu ya gunia karibu na mlango wa jiko, nikatoka "mara moja" kwenda kucheza mpira wa makaratasi nyuma ya zizi. Mechi ilikuwa kali. Nilichosikia baadaye ni sauti ya mke wa baba mdogo, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kihamba cha pili. Alikuwa amesikia kilio ambacho mimi, niliyekuwa karibu zaidi, sikukisikia. Alipita katikati ya masale, akaingia jikoni, akamnyanyua mtoto aliyekuwa ameshaweka kiganja juu ya jiwe la moto. Kovu lipo mpaka leo, dogo, chini ya kidole gumba. Dada yangu ni muuguzi sasa na hupenda kunionesha kila tukikutana kwenye harusi.

Jioni nilijificha nikisubiri fimbo. Fimbo haikuja. Mama alipoambiwa, swali lake la kwanza halikuwa "wewe ulikuwa wapi?" Aliuliza: "Nani alikuwapo?" Akatajiwa mke wa baba mdogo, akashusha pumzi, akaenda kumshukuru. Kesho yake asubuhi alinifunga mtoto mgongoni kama kawaida, akaongeza neno moja tu kuhusu jiko.

Kwa miaka mingi niliieleza hadithi hii kama ushahidi wa huruma ya mama. Sasa naisoma kama waraka wa kihistoria, nao unasema jambo jingine. Unasema kwamba mimi, kwa kipimo chochote cha haki, sikuwa tayari kuachiwa mtoto. Ila hakuna aliyekuwa ameniachia. Mpaka kati ya kihamba na kihamba kwetu ni masale, na masale hayazuii sauti. Bibi mzaa baba aliishi umbali wa hatua hamsini. Mjane mmoja jirani alikuwa na kawaida ya kupita asubuhi na alasiri "kuchungulia moto", ambayo ilikuwa njia ya adabu ya kusema kuchungulia watoto. Mlezi mtoto alikuwa mkono tu. Mwili ulikuwa ua zima. Ukiwasoma tena wale watafiti kwa jicho hili, utaliona jambo hilohilo: yule *omoreri* hakuwa peke yake mchana kutwa. Mama alikuwa shamba la karibu, au bibi alikuwa kibarazani, au kundi la walezi wenzake lilikuwa uwanjani na mkubwa mmoja machoni. Mtoto alijifunza ulezi kwa kukosea mbele ya watu walioweza kulirekebisha kosa kabla halijawa msiba.

Sipambi mambo. Watoto waliungua, walitumbukia katika mifereji, walikufa kwa kuhara. Na pwani na katika majumba ya wenye nguvu, ulezi ulifanywa na wanawake watumwa ambao hakuna aliyewauliza kama wako tayari kwa lolote. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na haikuondoka na desturi zake zote siku hiyo. Ninachosema ni kwamba swali la "mtoto huyu yuko tayari?" halikuwa likiulizwa peke yake. Daima lilikuwa na mwenzake.

Mwenzake huyo alianza kupotea pale kazi ya nyumba ilipovuka ua na kuingia katika nyumba ya mtu mwingine. Nyumba za wakoloni zilikuwa na msamiati wake, na msamiati ule ni kumbukumbu ya aibu: mwanamume mzima mwenye wake na ng'ombe aliitwa "boi", na mtoto halisi aliyeosha sufuria na kuchochea kuni aliitwa kwa neno letu lililokatwa kichwa, "toto". Walowezi wa Kenya walilichukua neno hilo likawa sehemu ya Kiingereza chao. Aliyewalea watoto wao ni "yaya", neno lililotufikia kutoka India, ambako nako lilikuwa limefika na Wareno. Mpishi, boi, dobi: wengi walikuwa wanaume. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu utumishi wa nyumbani nchini Tanzania, amefuatilia jinsi kazi hiyo ilivyotoka polepole mikononi mwa wanaume na kuwa ya wanawake. Mimi ningeongeza: na kisha ikawa ya wasichana wadogo.

Hapa ndipo historia ya shule inapoingia, kwa mlango usiotarajiwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Ni moja ya matendo makubwa ya taifa hili na sitasikia neno baya dhidi yake. Lakini kila azimio lina gharama isiyoandikwa kwenye azimio. Walezi wa nchi nzima, wenye miaka saba, minane, kumi, waliitwa darasani asubuhi moja. Serikali ililiona pengo. Vijiji vilihimizwa kuanzisha vituo vya kulelea watoto mchana. Baadhi vilisimama imara, vingi vilikufa pamoja na uchumi wa miaka ya 1980.

Miaka hiyohiyo mshahara wa mjini ulikuwa hautoshi wiki mbili, na mke wa mfanyakazi naye akalazimika kutoka kutafuta. Nani abaki na mtoto? Boi wa kiume, mtu mzima, hakulipika tena. Bibi alikuwa kijijini. Ila kijijini huko kulikuwa na zao jipya la Musoma: msichana aliyemaliza darasa la saba, asiye na nafasi sekondari, mwenye miaka 14 au 15, anayejua kusoma, aliyekwishalea wadogo zake. Alikuwa anatumika. Ndivyo alivyopakiwa kwenye basi, akaletwa kwa "shangazi" ambaye pengine hakuwa shangazi, akaingia nyumba yenye komeo. Lugha ilimpokea kwa majina mengi: hausigeli, msichana wa kazi, dada, na lile la vijana wa mjini, beki tatu. Yote yamekwepa kusema umri.

Yale aliyokuja nayo kutoka kijijini ni ujuzi wake wote wa kulea. Kile ambacho hakikupanda basi pamoja naye ni ua.

Nawaomba ndugu zangu watumishi wa umma wanivumilie kidogo hapa, kwa sababu sheria nayo ina historia, na historia hiyo haielekei pale tunapodhani. Tunapouliza mtoto wa umri gani anaweza kufanya kazi, Tanzania Bara tunajibiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: miaka 14, na iwe kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Wengi huamini kwamba 14 ni umri ambao wataalamu waligundua mtoto anakomaa. Sivyo. Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, uliweka miaka 15, na kuruhusu 14 kwa nchi ambazo uchumi na shule zake havijaendelea vya kutosha. Namba hiyo iliegemezwa kwenye umri wa kumaliza elimu ya lazima. Ni kipimo cha shule na cha uchumi. Ubongo wa mtoto haukuwa mezani. Na mkataba wa mwaka 1932 kuhusu kazi zisizo za viwandani, pamoja na kuweka miaka 14, uliziruhusu serikali kuziacha nje kazi za nyumbani zinazofanywa na wanafamilia wenyewe. Sheria ilipofika kizingitini ilivua viatu, ikaona adabu kuingia ndani.

Ndiyo maana namba hubadilika ukivuka mpaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 huruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13. Jimbo la Maryland nchini Marekani husema mtoto wa chini ya miaka minane asiachwe bila mtu wa kuaminika mwenye umri usiopungua miaka 13. Uingereza sheria haitaji umri wowote; humwachia mzazi aamue na kumshika mzazi huyohuyo mambo yakiharibika. Marekani huko, kumwachia binti wa jirani mtoto kwa saa chache jioni kwa ujira ni desturi iliyokua na vitongoji vya baada ya Vita vya Pili, na Msalaba Mwekundu wao hutoa mafunzo ya ulezi kwa watoto kuanzia miaka 11. Mwanahistoria Miriam Forman-Brunell ameandika kitabu kizima, mwaka 2009, kuonesha jinsi wazazi wale walivyomhitaji binti huyo na wakati huohuo kumshuku: anakula vya kwenye jokofu, anaongea na simu, analeta rafiki wa kiume. Nilipokisoma nilisikia sauti za vikao vyetu vya akina mama wa mtaa, neno kwa neno, isipokuwa jambo moja: binti wa Kimarekani saa nne usiku alirudi kwao kulala.

Na hapo ndipo nilipofunga vitabu.

Msichana wetu aliletwa na mtu anayefahamiana na mtu tunayemfahamu. Mtoto wetu alikuwa na miezi miwili. Nakumbuka maswali niliyomuuliza sebuleni, yeye akiwa amekalia ukingo wa kochi: unajua kupika? Umewahi kulea? Huna matatizo ya kiafya? Aliyemleta alisema ana miaka 18, nami nikatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeridhika. Mwezi wa kumi mwaka jana alitaka kusajili laini ya simu, akamwomba mke wangu imsajilie kwa jina lake. Tulipouliza kwa nini, alisema kwa sauti ndogo kwamba hana kitambulisho cha taifa, umri haujafika. Anatimiza 18 mwaka huu. Alipoingia nyumbani kwetu, basi, alikuwa na miaka 15.

Mwanasheria mwenzangu wa chuoni, nilipomweleza, alinifariji: kumi na tano ni zaidi ya kumi na nne, hujavunja sheria. Nilikwenda kuisoma sheria mwenyewe. Inakataza mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, kufanya kazi za usiku, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kitanda cha mtoto wetu kimekuwa chumbani kwake tangu wiki ya kwanza. Mchanga hulia saa saba, hulia saa tisa. Nilikuwa nikisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, maji yakichemshwa, kisha kimya, nami nikigeukia upande wa pili na kushukuru kwamba tumepata binti mzuri. Binti anayetumika.

Kwa binti yangu mwenyewe, kwa saa nne za mchana, nyumba nzima ilikesha ikijadili.

Tulichoamua hatimaye kilikuwa cha kawaida sana. Siku ya Ijumaa mke wangu aligonga geti la jirani, mama mmoja mtu mzima ambaye kwa miaka mitano tulikuwa tumesalimiana naye kupitia vioo vya magari. Alishangaa, kisha akafurahi, kisha akatulaumu kwa kuchelewa. Aliahidi kupita mara mbili, na kweli alipita mara nne. Tulifunga mtungi wa gesi, uji tukauacha kwenye chupa, tukaweka salio kwenye simu. Binti tulimjaribu kwanza asubuhi, sisi tukiwa uani tunajifanya tunafagia: alimlisha mdogo wake, alimsafisha, na alipomwona anasogelea ndoo ya maji aliiondoa ndoo badala ya kumpigia kelele mtoto. Kwa jambo hilo dogo nilijua anatumika. Nikampigia mama kumwambia kwamba jirani yupo. Alisema, "Haya, nendeni kazini."

Tuliporudi saa kumi na mbili tuliwakuta wote wawili wamelala kwenye zulia, na jirani ameketi kibarazani kwetu akichambua mchicha.

Wakati wa chakula binti alitaka kujua kwa nini tulimtazama vile asubuhi, kama mtu aliye kwenye mtihani. Nilimweleza kwa kirefu, nikamtajia hata Wachewa na Wakipsigis. Alisikiliza, akamega ugali, akauliza: "Na dada alipokuja, naye mlimjaribu hivyo?"

Mke wangu alinitazama. Nilisema hapana.

Msichana wetu alirudi tarehe 6 Januari, amenyolewa nywele kwa ajili ya msiba. Tulikaa naye sebuleni, safari hii mimi ndiye niliyekalia ukingo wa kochi. Kuna mambo ya masomo ya jioni na ya mshahara tuliyozungumza ambayo ni yake, sitayaandika hapa. Kitanda cha mtoto tulikwishakihamishia chumbani kwetu Jumapili ile ya Desemba. Jana usiku alilia saa nane. Zamu ilikuwa yangu, nami sikujua chupa ya maji ya moto huwekwa kabati gani.